VVU, Ukimwi na Mgonjwa wa Tumbo: Istilahi katika Wodi za Meru na Embu

Katika wodi za upasuaji za Meru na Embu, ambako Kiswahili hukutana na Kimeru na Kiembu, neno Ukimwi hubebeshwa maana mbili: kuambukizwa virusi na kuporomoka kwa kinga. Kwa mgonjwa wa tumbo tofauti hiyo ni nzito. Mwenye VVU anayetumia dawa, na ambaye kinga yake ni imara, huweza kupasuliwa kidole tumbo akapona takriban sawa na asiye na virusi. Chembe za CD4 zikishuka chini ya 200, kidonda huchelewa kufunga, usaha huwa tishio, na kifua kikuu cha tumbo huweza kufanana na kidole tumbo. Tangu 2016 Kenya hupendekeza dawa kwa wote walioambukizwa, bila kungoja kinga ishuke. Kwa hiyo wengi wana virusi pasipo kuwa na Ukimwi. Ajabu ni kwamba kifupisho VVU chenyewe, yaani virusi vya Ukimwi, kimebeba ugonjwa ndani yake, jambo ambalo wanaistilahi hawajalijadili vya kutosha. Mgonjwa aliyeambiwa "una Ukimwi" huenda akajiona marehemu, akakataa kutia sahihi ya ridhaa, ilhali utumbo uliotoboka huhitaji kushonwa katika muda wa saa chache.