Kiini cha Atomu Hupasukaje?

Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, kule Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa kujengewa kinu cha nyuklia. Nasi hapa Mokowe tulifanya mdahalo chamani. Mie nilikuwa upande wa wapingaji. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Hicho kiini unachokiogopa, hupasukaje?" Nikabaki kimya, watu wakacheka. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, basi nikaenda kusoma.

Kiini cha urani 235 kina protoni 92 na nutroni 143. Protoni zote zina chaji chanya, kwa hivyo zasukumana. Mbona hazitawanyiki? Kuna nguvu nyingine kali sana inayozishika, lakini haifiki mbali. Kila mmoja humshika jirani yake tu.

Sasa tazama mfereji unaovuja. Tone huning'inia, hurefuka, hubana katikati kama kibuyu, kisha hukatika. Wanafizikia walikifananisha kiini na tone hilo.

Mwisho wa mwaka 1938, Otto Hahn na Fritz Strassmann wa Berlin waliipiga urani kwa nutroni, wakakuta bariamu. Walishangaa, imetoka wapi? Lise Meitner, aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Hitler, alilieleza jambo hilo huko Uswidi pamoja na mpwa wake, Otto Frisch. Nutroni ikiingia, kiini hutikisika na kurefuka. Kikirefuka kupita kiasi, nguvu ya kushikana haifiki ng'ambo ya pili, lakini kusukumana kunaendelea. Kiini hupasuka! Bariamu ina protoni 56, kriptoni 36. Jumlisha upate 92. Mwaka 1939 Niels Bohr na John Wheeler wakaifanyia nadharia hiyo hesabu kamili.

Hata hivyo mfano wa tone una upungufu. Wenyewe wataka vipande vilivyo sawa, ilhali urani mara nyingi hutoa kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Ilibidi wataalamu waongeze mpangilio wa protoni na nutroni ndani ya kiini.

Kila mpasuko hutoa joto, pamoja na nutroni mbili au tatu za kupasua viini vingine. Ndiyo kazi ya kinu. Lakini vile vipande hubaki vikitoa mionzi. Seziamu 137, kwa mfano, huchukua miaka 30 hivi kupungua nusu.

Mie bado mpingaji. Ila mdahalo ujao nitakuwa na swali langu: vipande hivyo vitawekwa wapi?