Sindano za Kichina kwa Mgonjwa wa Parkinson Mwenye Sonona

Nachoma akupancha, yaani hizi sindano za Kichina, hapa Mwanza miaka mingi. Niliowaona wakiharibika, wengi hawakuumizwa na sindano. Waliumizwa na kile walichokiacha walipoanza sindano.

FANYA

Anza kwa daktari. Hospitali ya Bugando ipo, ya Sekou Toure ipo. Utafiti wa wilaya ya Hai uliochapishwa 2008 ulikuta wagonjwa wengi wa Parkinson hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Huku kwetu anayetetemeka huitwa mlevi, au amerogwa.

Itaje sonona. Mzee aliyekuwa akiwahi mwaloni alfajiri, leo haogi, hali, hataki wajukuu: huo si uzee, wala si deko. Ugonjwa uleule unaokaza mikono unavuruga kemia ya ubongo inayobeba furaha. Wengine huanza na huzuni miaka kadhaa kabla ya mkono kutetemeka. Akisema afadhali afe, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usimngojee mchoma sindano.

Dai sindano mpya, ifunguliwe ukiona. Homa ya ini B na VVU havichagui mzee.

Taja dawa zote anazomeza. Anayetumia warfarin huvuja damu upesi. Mwenye betri ya moyo asiunganishiwe sindano za umeme.

USIFANYE

Usimwachishe levodopa, dawa yake ya Parkinson. Nililetewa babu kutoka upande wa Kigongo, amelazwa kwenye mkeka, mgumu kama gogo, homa imempanda. Wanawe waliambiwa dawa na sindano zinapigana. Hazipigani! Levodopa ikikatwa ghafla inaweza kuua, na watu wazima wenye akili zao walimfichia vidonge kabatini.

Usinunue ahadi ya kupona. Parkinson bado haina dawa ya kuimaliza. Tafiti za akupancha kwa sonona ya wagonjwa hawa ni ndogo. Baadhi zinaonyesha nafuu, lakini hakuna inayotosha kuacha dawa za sonona wala mazungumzo na mshauri. Mimi huiongeza juu ya matibabu. Siiweki badala yake.

Usimpe levodopa pamoja na sato au dagaa. Protini huizuia dawa kuingia mwilini. Ameze nusu saa kabla ya kula.

Usimchanje chale kwa wembe eti ni kitu kilekile na sindano.

Usimwinue haraka akimaliza kuchomwa. Presha yake hushuka akisimama. Aketi kwanza kitandani, miguu ikining'inia, umshike kiwiko, ndipo asimame.