Neno Linapopata Mwili: Kusoma Mũrogi wa Kagogo kutoka Lubumbashi

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iitwayo Mũrogi wa Kagogo, yaani Mchawi wa Kunguru, ilianza kuchapishwa kwa Kikuyu mwaka 2004. Tafsiri ya Kiingereza, iliyofanywa na mwandishi mwenyewe, ilitoka mwaka 2006 ikiwa na kurasa zaidi ya 700. Sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika humtaja Ngũgĩ mara nyingi kwa sababu ya hoja zake za mwaka 1986 juu ya lugha na ukombozi wa fikra, lakini riwaya zake ndefu hatuzisomi sana. Makala haya yanaeleza mambo niliyoyaona katika tafsiri hiyo nikiisoma kama mwanafunzi wa isimu. Hoja yangu ni moja: maajabu ya riwaya hii hayatoki nje ya lugha. Mengi yanazaliwa pale usemi wa kila siku unapochukuliwa neno kwa neno.

1. Hadithi kwa ufupi

Nchi ya kubuni ya Aburĩria inatawaliwa na mtu anayeitwa Mtawala tu. Mawaziri wake wanataka kumjengea mnara wa kufika mbinguni, kwa mkopo wa Benki ya Dunia Nzima. Kamĩtĩ, kijana mwenye shahada asiye na kazi, anakimbizwa na polisi pamoja na Nyawĩra, mwanamke wa harakati ya siri. Ili kumtisha askari anayewafuata, wanatundika dalili za uchawi mlangoni. Askari anatishika kweli, lakini baadaye anarudi kuomba dawa. Tangu hapo Kamĩtĩ anakuwa Mchawi wa Kunguru, na wakubwa wenyewe wanapiga mlango wake.

Jina hilo lina somo la kwanza. Kikuyu mũrogi, Kiswahili mlozi na kitenzi kuroga, na mulozi tunayemtaja hapa kwetu, wote ni wa shina moja la Kibantu. Mtu huyo hudhuru. Anayeponya ana jina lingine: mũgo kwa Kikuyu, mganga kwa Kiswahili. Kamĩtĩ anaponya huku akiitwa kwa jina la mdhuru, kwa kuwa jina hilo ndilo lililomwokoa. Anayesoma Kiingereza pekee anaweza kuipita tofauti hiyo bila kuiona, lakini msomaji wa lugha ya Kibantu anakutana nayo tangu kichwa cha kitabu.

2. Jina linalogeuka kiungo

Waziri Machokali alisafiri hadi London akaongezewa ukubwa wa macho, apate kuwaona maadui wa Mtawala popote walipojificha. Mwenzake Sikiokuu alikwenda Paris kukuzwa masikio, asikie kila mnong'ono. Wa tatu, Mambo, alirefushwa ulimi. Kwa msomaji wa Kiswahili majina mawili ya kwanza hayahitaji maelezo: macho makali, sikio kuu. Sisi husema dola ina macho na masikio kila mahali, na hakuna anayeshangaa. Ngũgĩ ameuchukua usemi huo akaupeleka kwa daktari wa upasuaji.

Mtawala mwenyewe ananyimwa mkopo akiwa New York. Hasira inamkaa mwilini, anaanza kuvimba, na madaktari hawajui wafanye nini. Kiswahili kinatumia kitenzi hicho hicho kwa jipu na kwa mtu mwenye kiburi, aliyevimba kichwa. Kitabu hakikuongeza kitu juu ya usemi, kimeufuata tu hadi mwisho wake.

3. Ugonjwa wa neno moja

Sura iliyonikaa zaidi ni ya mfanyabiashara Tajirika. Amepewa uenyekiti wa mradi wa mnara, na watu wanamletea mifuko ya fedha ili wapate kandarasi. Ghafla anaugua: anasimama mbele ya kioo, anajikuna uso, na kinywani limebaki neno moja tu la sharti, sawa na «kama» yetu. Mchawi hampi dawa ya kunywa. Anamsaidia kuimaliza sentensi, na ikimalizika inaonekana alichotamani: kama ngozi yake ingekuwa nyeupe.

Tunafundishwa kwamba sentensi ya sharti ina vishazi viwili, na kimoja kikikosekana maana haikamiliki. Hapa kishazi kilichokosekana kimekuwa ugonjwa. Jambo ambalo mtu anaona aibu kulisema linamfunga kinywa.

4. Uvumi kama msimulizi

Riwaya inaanza kwa kuorodhesha maelezo matano ya watu juu ya ugonjwa wa Mtawala. Sehemu kubwa ya hadithi inapitia kwa yule askari, A.G., ambaye husimulia na kuapa kwa Kiswahili, «haki ya Mungu». Kila anaposimulia, jambo linakua kidogo. Hapa msomaji wa Congo yuko nyumbani. Radio trottoir tunaijua, na wazazi wetu waliona televisheni ya Zaire ikifungua habari kwa picha ya Mobutu akishuka kutoka mawinguni. Mnara wa Aburĩria hauko mbali na picha hiyo. Hata foleni ya watafuta kazi, inayorefuka hadi kuuziba mji, ni mulongo tunaoufahamu.

Kasoro ipo. Marudio ni mengi, na safari ya New York inakokoteka. Mtu anaweza kuitetea kwa kusema kwamba marudio ni kawaida ya hadithi ya kusikilizwa, na mimi nakubali kwa sehemu. Lakini jicho linalosoma peke yake usiku huchoka mahali ambapo sikio la wengi barazani lisingechoka.

5. Kiswahili cha nani?

Kitabu kimeandikwa kwa Kikuyu, lakini Machokali, Sikiokuu, Tajirika na Mambo ni majina ya Kiswahili. Kamĩtĩ na Nyawĩra, wanaopinga utawala, wana majina ya Kikuyu. Ni rahisi kusema kwamba Kiswahili hapa ni lugha ya dola. Kanuni hiyo haisimami: Kaniũrũ, mmoja wa vibaraka wabaya kabisa, ana jina la Kikuyu linalohusu pua. Tena kiapo cha A.G., mtu wa chini, ni cha Kiswahili.

Kwetu swali linageuka. Katika Katanga lugha ya amri ilikuwa Kilingala cha askari na Kifaransa cha ofisi. Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya soko na ya mgodi. Kwa hiyo nilipokutana na Machokali sikusikia sauti ya serikali. Nilisikia jirani akimbandika mkubwa jina la utani.

Hapo ndipo kitabu kinapotugusa. Ngũgĩ alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1977 baada ya mchezo wa Kikuyu ulioigizwa Kamĩrĩĩthũ, na katika gereza la Kamĩtĩ aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kikuyu kwenye karatasi za chooni. Shujaa wa riwaya tunayoizungumzia anabeba jina la gereza hilo. Sisi tunakiandikia Kiswahili cha Lubumbashi tasnifu, tena kwa Kifaransa: fonolojia yake, mchanganyo wake, historia yake. Lakini mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili hiki hiki cha mji, na hakungoja mtu amwambie kama kinafaa. Kurasa 700 za Ngũgĩ zinaonyesha kwamba semi tunazozikusanya kama data zinaweza kubeba nchi nzima ya kubuni.

Zoezi ninalolipendekeza kwa wenzangu ni dogo. Kila mmoja akusanye semi kumi za viungo vya mwili zinazotumika mtaani kwake, achague moja, na aiandike kana kwamba ni kweli, kwa Kiswahili kile anachoongea na mama yake. Uchambuzi utafuata baadaye, na safari hii tutakuwa na maandishi yetu wenyewe ya kuchambua.