Usimpe kila mtu shingo yako

Haya wadogo zangu, sogeeni. Leo tunazungumzia shingo, na mnaoshona, mnaosuka nywele na mnaokesha na simu mtanielewa upesi. Mmoja wenu, fundi cherehani, ananiuliza afanyeje. Shingo ilianza kumuuma, maumivu yakashuka begani, yakapita nyuma ya mkono, na sasa kidole cha kati kina ganzi. Jirani anasema karogwa. Shoga yake anasema hapo ni kisu tu, hakuna njia nyingine. Mumewe anataka kumpeleka kwa kinyozi wake mwenye "mkono mzuri", amzungushe shingo mpaka ilie ka!

Mdogo wangu, hao wote waache kwanza. Kisikilize kidole.

Shingo ina pingili 7, na kati yake zimo diski zinazozizuia zisisagane. Hapo hutokea jozi 8 za mishipa ya fahamu, na baadhi yake hushukia mikononi. Diski ikitokeza nje, au mfupa ukiota kinundu kwa umri, mshipa hubanwa shingoni ila kilio chake unakisikia mkononi. Ganzi ya kidole gumba na cha shahada mara nyingi hutoka kwenye mshipa wa 6. Kidole cha kati ni wa 7, na huo ndio unaobanwa mara nyingi kuliko yote. Cha pete na cha mwisho ni wa 8. Kwa hiyo unaweza kuuchua mkono kwa dawa zote za dukani usiguse kabisa palipo na shida.

Weka kiganja cha mkono unaouma juu ya utosi, utulie kidogo. Maumivu yakipungua, kuna uwezekano mkubwa kwamba shida iko shingoni. Lakini kama ganzi inakuamsha usiku na ukiukung'uta mkono inapungua, huenda mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na shingo haina kosa. Mafundi na wasusi wengi wanayo hiyo.

Sasa kisu. Wengi wenye mshipa uliobanwa shingoni hupata nafuu bila kupasuliwa, mara nyingi ndani ya wiki 6 hadi 12. Si haraka, najua, hasa ukiwa na vitambaa vya harusi vinakusubiri. Katika wiki hizo kazi yako ni kuipa shingo nafasi: inua meza au shusha kiti usiiname sana, simama kila baada ya nusu saa, lalia mto mmoja, usilale kifudifudi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya pingili zile zile. Mpe mwingine aibebe. Mtaalamu wa fiziotherapia atakufundisha mazoezi, mfano kuegemea ukuta na kurudisha kisogo nyuma taratibu. Ukiona maumivu yanatoka kidoleni na kupanda kurudi begani, furahi hata kama shingo bado inauma; hiyo ni dalili njema. Yakizidi kushuka mkononi, acha zoezi hilo na urudi kwa mtaalamu wako. Na dawa za maumivu kama diclofenac si pipi: mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo au mimba asinunue bila kuuliza.

Kairopraktiki je, ile tiba ya kunyoosha pingili kwa mikono? Ilianzia Marekani mwaka 1895, mjini Davenport, Iowa, kwa D. D. Palmer, ambaye hakuwa daktari na aliahidi kuponya karibu kila kitu. Ahadi hizo mimi sizinunui. Ila kwa maumivu ya shingo, wapo wanaopata nafuu. Aliyesomea kazi hiyo amekaa darasani miaka, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo na usalama wake. Mzuri utamjua kabla hajakugusa: atakuuliza maswali mengi, atapima nguvu za mkono na kugonga viungo kwa kinyundo, ataanza kwa mkono mwepesi na mazoezi, na hatakosa kukuambia nenda hospitali akiona si kazi yake. Anayekuuzia vipindi vingi vya kulipia mapema siku ya kwanza, muage.

Kinyozi hapimi chochote. Ule mlio mnaoupenda ni viputo vya hewa ndani ya ute wa kiungo. Hakuna mfupa uliorudi mahali pake. Kuzungushwa shingo kwa nguvu kunaweza, ingawa ni nadra, kuchana mshipa wa damu unaopeleka damu kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Mwenye TB ya mifupa, mifupa dhaifu, saratani au aliyeanguka karibuni asizungushwe kabisa. Na aliyekwisha kuzungushwa kisha akapata kizunguzungu kikali, kuona viwili, ulimi mzito au kichwa kinachouma ghafla, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna mambo mengine hayasubiri mazoezi wala mtu wa kunyoosha: mkono unaolegea, vidole vinavyoshindwa kufunga vifungo, miguu kuyumba, mkojo au choo kutoka bila kujua, homa pamoja na kukonda, au mkono wa kushoto unaouma huku kifua kikibana. Hilo la mwisho huenda ni la moyo, si la shingo.

Kwa hiyo, fundi wangu, nenda hospitali ya mkoa, umwambie daktari ni kidole kipi chenye ganzi, uombe kuonana na mtu wa fiziotherapia. Ukiwa Dar, Taasisi ya Mifupa Muhimbili wanazijua shingo hizi. Na mkono ukianza kuangusha mkasi, usingoje Jumatatu.