Proksi, Tarishi wa Intaneti: Somo kwa Wanaojiandaa kwa Mtihani wa Ulinzi wa Mitandao



Siku hizi mtu atakaye kazi ya kutunza kompyuta mara nyingi huulizwa cheti cha ulinzi wa mitandao. Mtihani mmoja ujulikanao sana ni Security+, wa shirika la Marekani liitwalo CompTIA. Toleo lililotoka mwaka 2023 liliwekewa maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama ya kufaulu ni 750 katika kipimo cha 100 hadi 900.

Wako wanaonunua maswali yaliyoibwa, wakayakariri. Shirika limelikataza jambo hilo, na anayegundulika aweza kunyang'anywa cheti. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi ni kwamba hospitali au benki itamkabidhi funguo mlinzi asiyemtambua mwizi. Basi yatupasa kujifunza kazi yenyewe. Leo nitaeleza proksi tu, kwa maana ukiijua safari ya ombi moja tangu mwanzo hadi mwisho, maswali mengi hayatakutisha.

Proksi ni tarishi. Karani haondoki mezani kwenda kuuliza habari mjini. Humpa tarishi barua, naye huleta jibu. Vivyo hivyo kompyuta ya ofisi hupeleka ombi kwa proksi. Proksi hulikagua kwa kanuni ilizopewa, huandika katika daftari nani ameomba nini, hulipeleka, kisha huleta jibu. Pengine huweka nakala, ili mwingine akitaka kitu kile kile isifunge safari tena.

Iko pia proksi ya kinyume. Hiyo hukaa mbele ya seva na kuwapokea wageni watokao nje. Kwa hiyo swali likitaja proksi, jiulize kwanza: inamtumikia nani, aombaye au aombwaye?

Sasa tutazame kanuni. Squid ni proksi ipatikanayo bure tangu 1996, na kwa kawaida hungoja maombi kwenye poti 3128. Kanuni zake za kuruhusu na kukataa husomwa kutoka juu kwenda chini. Ya kwanza inayolingana na ombi ndiyo inayoamua, na za chini yake hazitazamwi tena. Mpangilio ni kila kitu.

Ombi la HTTPS, ambalo kwa desturi huenda poti 443, ni kama bahasha iliyopigwa lakiri. Proksi huona jina la tovuti, wala haisomi yaliyomo. Ikitaka kuyasoma, hapana budi ivunje lakiri na kupiga yake, na kompyuta za ofisi ziwe zimewekwa ziiamini lakiri hiyo. Tazameni amana aliyopewa msimamizi: aweza kusoma siri za wenzake! Ndiyo maana yafaa wafanyakazi wajulishwe mapema, na habari za benki na za matibabu ziachwe zipite bila kufunguliwa.

Zishikeni pia namba hizi. 407: proksi yataka jina na neno la siri. 403: ombi limekataliwa. 502: proksi imepata jibu bovu kutoka kwa seva. 504: imengoja jibu, lisifike kwa wakati.

Kusoma tu hakutoshi. Kwa ruhusa ya mwalimu, chukueni kompyuta mbili kuukuu. Moja iwekeeni Linux na Squid. Ya pili ielekezeni kwake. Fungeni tovuti moja, mwifungue tena, na kila mara msome daftari. Kazi ya jioni moja namna hii hukaa kichwani kuliko kurasa nyingi za kukariri.

Zoezi

1. Kanuni ya "kataa wote" iko juu ya "ruhusu maabara". Nani atapita?

2. Kompyuta moja tu yapata 407, nyingine zote zapita. Utaangalia nini kwanza?

3. Mtu anatoa siri za ofisi kwa njia ya HTTPS, na proksi haivunji lakiri. Daftari litakuonyesha nini, na litakuficha nini?

Atakayeweza kuyajibu haya na kueleza sababu zake, huyo ameanza kuwa mlinzi.