Kutunza Joto la Nyumba Katika Nyanda za Juu za Kigoma

Mvua zinapokoma mwezi Mei, anga ya Kibondo na Kasulu hutakata. Mchana jua huwaka, lakini usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi. Sababu kubwa ni mbili. Kwanza, nchi hiyo iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Pili, usiku wa kiangazi hauna mawingu na hewa huwa kavu. Kwa hiyo joto la ardhi hupotea upesi angani kwa njia ya mnururisho.

Nyumba nyingi za huko hazina mitambo ya kupasha joto wala ya kupoza hewa. Kazi hiyo hufanywa na ukuta, paa na matundu ya hewa. Navyo, kama mtambo wowote ule, huhitaji kukaguliwa kila majira yanapobadilika.

Ukuta na paa

Ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole na kulitoa polepole, hata joto la mchana likafika ndani jioni, wakati linapohitajiwa. Hema halina akiba hiyo. Wakimbizi wa Burundi waliohamishiwa Nduta kuanzia Oktoba 2015 walianza maisha yao huko katika mahema. Kitambaa cha hema hupata joto mara jua likichomoza, na hupoa mara likizama.

Paa la nyasi huhifadhi joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa kati ya majani makavu. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Basi nyasi zilizolowa hupoteza sifa hiyo. Mwezi Mei yafaa nyasi zilizooza zibadilishwe na nyufa za ukuta zikandikwe upya. Kabla mvua hazijarudi, mwezi Septemba, upenu na mitaro ya maji vitengenezwe ili ukuta usilowe.

Matundu ya hewa na moto

Hapa ndipo penye hatari. Baridi inapozidi, baadhi ya watu huziba matundu ya hewa kwa matambara, kisha huingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka pasipo oksijeni ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na mkaa uliokolea hautoi moshi wa kumwonya mtu. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Aliyelala huenda asiamke kamwe. Mwenye dalili hizo atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali.

Kwa hiyo ufa na tundu la hewa visichanganywe: ufa huzibwa, tundu husafishwa. Utando wa buibui na masizi viondolewe, na dohani ya jiko izibuliwe. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa katika chumba cha kulala, hata dirisha likiwa wazi. Ni salama zaidi kufunga madirisha kabla jua halijazama, huku matundu yakiachwa wazi, na kuongeza blanketi.

Jaribio

Chukua makopo matatu yaliyo sawa. Moja lifungie nyasi kavu, la pili nyasi zilizolowa, la tatu liache wazi. Tia katika kila kopo maji ya moto ya kipimo kimoja, kisha yafunike. Soma kipimajoto kila baada ya dakika 5 kwa muda wa nusu saa, na uchore grafu.

Maswali

1. Maji ya kopo lipi yalipoa polepole zaidi? Kwa nini?
2. Mvuke unaotoka katika nyasi zilizolowa una athari gani kwa joto la maji?
3. Kwa nini kutokuwapo kwa moshi si dalili ya usalama?