Gari Inalia: Angalia Inalia Wakati Gani

Ndugu memba wa koperative, kwa kawaida hapa tunaongea mbegu, magonjwa ya muhogo na kukausha mpunga. Leo tunaongea gari. Mpunga uliokauka vizuri kule Kabambare, gari ikikufa njiani na magunia yakanyeshewa siku mbili mbele ya kufika Kasongo, unaanza kuchipuka ndani ya gunia. Hapo kazi ya miezi yote imepotea.

Mwaka jana nilipanda pikapu ya koperative moja iliyokuwa inagonga "ta!" kila mara shoferi anapoachia ambreyaje. Fundi wa kwanza akasema bwati ya vitesi imekufa, ishushwe yote. Bei aliyotaja ingemaliza kasha ya koperative. Mzee mmoja, shoferi wa zamani, akaomba tuzime motere na kuweka mawe kwenye magurudumu. Akaingia chini, akashika kardani kwa mikono miwili, akaitingisha. Kruaziyo ilikuwa inacheza. Kipande kidogo tu, na bwati haikuwa na shida yoyote.

Siye tulimwambia yule fundi nini? "Gari inafanya kelele." Hiyo haimsaidii mtu. Kelele zinafanana; kinachoonyesha ugonjwa ni wakati zinapotokea.

Anza gari ikiwa imesimama, motere inazunguka, vitesi iko katikati. Kama inavuma, kanyaga pedali ya ambreyaje mpaka chini. Kelele ikinyamaza, mara nyingi ni rulema za ndani ya bwati. Lakini kama ilikuwa kimya na inaanza kulia wakati unakanyaga, angalia ile rulema ya ambreyaje, tunayoita bite. Vitesi zikikwaruza wakati wa kuingia, zaidi ile ya nyuma, usikimbilie kufungua bwati: pengine ambreyaje haiachii vizuri, inaomba kurekebishwa tu. Kelele ikitoka kwa vitesi moja peke yake, basi meno ya ile vitesi ndiyo ya kushuku.

Kiisha tembea. Mlio kama wa ndege mdogo, unaoharakisha gari ikiharakisha, mara nyingi ni kruaziyo iliyokauka; tia grisi upesi. Mvumo unaobadilika ukikanyaga gazi na ukiachia, unaotoka nyuma, hiyo ni ponti. Na kama unatoa vitesi, gari inateremka yenyewe na mvumo haubadiliki, angalia kwanza rulema za magurudumu na mipira.

Sasa mafuta, na hapa ndipo tunajiua wenyewe. Kila shoferi anapima mafuta ya motere. Ya bwati na ya ponti ni wachache wanaoyakumbuka. Gari iwe mahali sawa, motere imezimwa na imepoa kidogo. Fungua kizibo cha pembeni, ingiza kidole: mafuta yanapaswa kufika kwenye mdomo wa tundu. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Inatokea sana kwetu, kwa sababu ponti inakuwa moto, tunaiingiza katika kijito cha baridi, na inapopoa inavuta maji. Mafuta ya namna hiyo yamwagwe, yatiwe mapya, hata kama gari haijaanza kulia. Unga laini wa chuma kwenye kizibo cha chini si ajabu. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa vidole, usipakie tena mpaka fundi aangalie.

Na mzigo, tuseme ukweli. Magunia 20 ya kilo 100 ni tani mbili, na sisi tunayaweka juu ya pikapu ya tani moja, kiisha tunaongeza watu na mabidoni ya mawese. Katika matope ya Desemba, ni ponti na ambreyaje zinazolipa ile deni. Kufanya safari mbili kunamaliza esanse, ndiyo, lakini hesabuni na bei ya ponti.

Komite ipatie shoferi kaye moja. Aandike siku, mzigo, kelele ilianza wakati gani, na mafuta yalipimwa lini. Fundi akifika, asome hiyo kaye mbele ya kushika ufunguo.